Taa ya Bi Somoe

Ile taa iko nyuma ya mlango wa chumba cha kufungia vidonda, imefunikwa kanga ya bluu, na inawaka vizuri. Naanza na hilo, wauguzi wenzangu mliobaki kliniki, kwa sababu najua mtaiona, mtauliza, na mtu atawajibu kwamba imeharibika. Haijaharibika. Kanga hiyo msiitoe kwenda kufutia meza. Nitawaeleza ni ya nani, ila mnivumilie. Mtu aliyestaafu mwezi uliopita hana foleni inayomsubiri mlangoni.

Najua mlivyokuwa mnanisema. "Sista Hilda akishamshika mgonjwa, wengine nendeni mkanywe chai mrudi." Nilisikia, na nilicheka na nyinyi. Ni kweli nilipenda kueleza. Nilimweleza mgonjwa, nikamweleza mumewe, na kama kuna jirani kamsindikiza nilimweleza na yeye. Sijutii hata moja kati ya maelezo hayo marefu. Ninachojuta ni jibu la neno moja, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya ngozi niliripoti nimevaa glovu tayari. Nilikuwa nimetoka Masasi na gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa gumu, na nilidhani glovu zitaonyesha kuwa nimesoma. Aliyenipokea ni Bwana Chilumba, mganga msaidizi, mtu mfupi mwenye kipara, ambaye ujana wake wote aliumaliza juu ya baiskeli katika vijiji vya kando ya Ruvuma akitafuta wagonjwa wa ukoma. Aliziangalia zile glovu kwa muda.

"Leo kuna kidonda?"

"Hapana, Bwana Chilumba."

"Kuna damu?"

"Hapana."

"Basi vua. Hawa watu nyumbani kwao hawashikwi. Wakija hapa nako wakashikwa kwa mpira, wataenda wapi tena?"

Nilivua. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwanamume aliyekuwa analala peke yake katika kibanda cha shambani, kwa kuwa ndugu zake walikuwa wameamua ana ukoma. Mgongo wake ulikuwa na mabaka makubwa yenye magamba meupe. Bwana Chilumba alimwambia afumbe macho, akachukua kishada cha pamba, akamgusa juu ya baka. "Hapa," mgonjwa akasema. Akamgusa pengine. "Na hapa." Kila alipoguswa alisema. Bwana Chilumba akanigeukia: ukoma huua hisia, na huyu anahisi hata pamba. Kisha akachukua kipande cha kioo cha maabara, akakwangua gamba taratibu kwa ukingo wake. Ulitoka unga mweupe kama wa mshumaa. Akakwangua kidogo zaidi, vikatokea vitone vya damu.

"Hii ni soriasisi," akasema. "Mwambie."

Nilimwambia vibaya, kwa maneno ya darasani. Bwana Chilumba akanisogeza, akaketi mbele yake. "Ngozi ya kila mtu hufa na kuzaliwa," akamwambia. "Yako ina pupa. Ni kama harusi ambayo wageni wa leo wanafika kabla wale wa jana hawajaondoka, wanarundikana uani. Huambukizi mtu. Si uchafu na wala hukurogwa. Na sikudanganyi kwamba itakwisha. Itatulia, itarudi, tutaituliza tena." Yule mwanamume alilia. Nilidhani analia kwa sababu ameambiwa haitakwisha. Kumbe ni kwa sababu Bwana Chilumba alikuwa bado ameuweka mkono wake mgongoni mwake.

Kuna desturi moja ya Bwana Chilumba niliyoidharau miaka mingi. Kila mgonjwa alipopewa chupa mpya ya dawa, hata kama ni dawa ileile aliyoitumia miaka kumi, Bwana Chilumba alimweleza yote upya kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Paka hapa, usipake pale, muda kiasi hiki. Wazee wakongwe wa kliniki walikaa wakiitikia "ehe, ehe" kama watoto wa madrasa. Nikimwambia tunapoteza muda, alinijibu jibu lilelile: "Chupa mpya, mgonjwa mpya." Dawa inaweza kutoka kiwanda kingine na nguvu yake ikawa nyingine, na mkono uliozoea hauulizi. Nilimwona mzee mwenye kasumba zake.

Dawa yetu kubwa miaka ile ilikuwa jua. Mwanga wa jua una sehemu inayoituliza soriasisi, na jua Mtwara hatujawahi kupungukiwa. Mgonjwa alijenga ugo wa makuti nyuma ya nyumba yake, mrefu kumpita, usio na paa. Asubuhi alijipaka mafuta magamba yalainike, na ilipofika saa nne aliingia humo, akavua, akafunika uso, akakaa dakika chache. Kila wiki aliongeza dakika. Nimewatembelea watu hao mpaka Nanyamba na Kitaya, nikakagua nyugo kama bwana afya. Majirani walitia maneno. "Mama Fulani anaanikwa kama dagaa." Lakini ngozi zilitulia.

Aliyenifunza ubaya wa mwanga alikuwa mkulima mmoja wa Nanyamba. Jua lilikuwa limemtuliza vizuri kabisa. Ukaja msimu wa korosho, akabangua nyumbani, mafuta ya ganda yakamchirizika mkononi na kumuunguza. Kidonda kilipona. Wiki tatu baadaye magamba yaliota juu ya ile michirizi, mstari kwa mstari, kama mtu aliyechora kwa kalamu. "Umeona?" Bwana Chilumba akaniuliza. "Ngozi hii ukiijeruhi, inakujibu kwa soriasisi. Na jua nalo huunguza. Kwa hiyo tunamtibu mtu kwa kitu kilekile kinachoweza kummaliza. Kati ya kutosha na kuzidi pana nafasi nyembamba, na wewe kazi yako ni kusimama hapo." Niliandika maneno hayo katika daftari langu. Daftari ninalo bado.

Bwana Chilumba alistaafu, na baada ya miaka kadhaa alifariki. Ndipo ile taa ikaja. Daktari mgeni aliyefanya kazi nasi miezi michache alituachia alipoondoka. Ukubwa wake ni kama begi la safari, ina mirija minne, na inatoa ile sehemu tu ya mwanga inayotuliza ngozi, bila joto la jua na bila mawingu. Ilikuwa imetumika sana huko ilikotoka. Saa yake ya kujizima iliganda ndani ya msimu mmoja kwa chumvi ya hewa yetu. Tukawa tunahesabu kwa saa ya mkononi.

Tatizo la taa ni kwamba mgonjwa anaihitaji mara tatu kwa wiki. Anayekaa mjini ataweza. Anayetoka mwambao wa kusini ataweza wiki mbili, ya tatu amechoka nauli na vumbi. Tukakubaliana pale kliniki kwamba anayekaa mbali sana tumwazime akaitumie nyumbani, mmoja baada ya mwingine. Hivyo ndivyo taa ilivyomfikia Bi Somoe wa Msimbati.

Bi Somoe alikuja mara ya kwanza amejifunika mpaka vidole. Nilipomwomba mikono akaitoa polepole. Magamba yalianzia viganjani, yakapanda mpaka viwikoni, na mengine yalikuwa kichwani na magotini. Nikamshika, nikamuuliza anafanya kazi gani.

"Naosha maiti," akasema. Halafu akajisahihisha. "Nilikuwa naosha. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. Wanaolalamika ni wazima."

Nilicheka, naye akacheka, na tangu siku hiyo tulielewana. Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa ndiye mkubwa wa wanawake wanaoosha maiti pale kijijini, na alimfundisha binti yake tangu ujana: namna ya kumsitiri marehemu kwa shuka wakati wote, namna ya kuanza na upande wa kulia, majani ya mkunazi katika maji ya kwanza na kafuri katika maji ya mwisho. Sasa Bi Mwanahawa alikuwa amepigwa na kiharusi, analala kitandani, upande wa kushoto umekufa. Na alikuwa ameshasema mbele ya ndugu wote: "Nimeosha nusu ya Msimbati. Mimi nitaoshwa na Somoe."

Lakini Bi Somoe alikuwa ameondolewa katika kuosha tangu magamba yaliposhika mikono. Aliyemwondoa alikuwa mama yake mdogo, Bi Zuhura, aliyeshika nafasi ya dada yake. Nilimkuta nilipopeleka taa. Umeme ulikuwa umefika Msimbati. Gesi inachimbwa chini ya miguu yao siku nyingi, umeme ukachelewa kidogo kuwafikia juu ya vichwa. Nilikaa na Bi Zuhura ukumbini nikamweleza yote, harusi, wageni na uani. Alinisikiliza vizuri.

"Haiambukizi, nimekusikia," akasema. "Mimi siogopi kuambukizwa, Sista, mimi ni mtu mzima, niambukizwe nikafanye nini? Lakini maiti anatakiwa aende safi. Haya yanadondoka."

"Akivaa glovu?"

"Glovu zinaziba vidole. Haya ya kichwani na ya viwikoni nayo utayavika glovu?"

Bi Zuhura akanishika goti. "Simchukii ntoto wa dada yangu. Nkono ukisafika, ataosha, na mimi nitamshikia kopo. Usiposafika, haoshi. Ndiyo neno langu."

Bi Somoe alikuwa amesimama mlangoni anasikia. Nikafanya jambo ambalo Bwana Chilumba hakulifanya hata siku moja. Nikamgeukia, nikamwambia, "Itasafika."

Tuliiweka taa katika chumba cha uani, juu ya meza ya kushonea. Nilichora mstari wa chaki sakafuni: usisogee mbele ya huu. Nikampa miwani myeusi, na uso aufunike kwa kanga. Mikono kwanza, kisha kichwa ambapo nywele zimepungua, kisha magoti. Nikauliza kuhusu saa ya kuhesabia.

"Ya ukutani ilisimama," akasema, "na simu ni ya mwanangu, anaondoka nayo." Akatoa tasbihi mfukoni. "Mimi saa yangu hii."

"Haitakuwa vibaya, Bi Somoe, kuitumia kwa mambo ya taa?"

"Si namtaja Mungu? Ningekuwa natukana ndiyo ungeuliza."

Nikavua saa yangu, nikamwambia avute punje mbele yangu. Alizungusha tasbihi nzima, punje tisini na tisa, bila haraka wala kuvuta. Nikapima mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sekunde hazikupishana hata tano. Nimefanya kazi na mashine nyingi ambazo haziwezi hivyo. Tukaanza na theluthi ya tasbihi, na nikamwelekeza aongeze punje chache kila Ijumaa, kama ngozi haijawaka moto.

Kwa miezi ile nilikuwa na furaha ambayo sasa naikumbuka kwa uchungu. Kila mwisho wa mwezi alikuja kliniki, nami nilimwona mgonjwa wangu akipona mbele ya macho yangu. Viganja vilitangulia. Magamba yalipungua, ikabaki rangi nyeusi zaidi mahali pa mabaka, kisha nayo ikaanza kufifia. Bi Zuhura alimkagua kila Ijumaa kwa miwani ya kusomea, kama mnunuzi wa korosho anayetafuta mbovu. "Kiganja safi," alimwambia. "Kifundo safi. Kiwiko bado." Bi Somoe alinisimulia akiiga sauti yake, tukacheka mpaka wagonjwa wengine wakachungulia.

Kiwiko kilikataa. Punje zikaongezwa, zikafika mizunguko minne ya tasbihi kwa kila mkono, na kiwiko kikabaki palepale. Nilimwambia viwiko ni vigumu, na ni kweli. Sikufikiri kwamba huenda tatizo ni taa. Mirija hii inachakaa, wadogo zangu. Inawaka ileile kwa macho, lakini nguvu yake inakwenda ikipungua, na mgonjwa anaongeza muda bila kujua kwamba anafidia uzee wa taa. Ile mizunguko minne haikuwa kipimo cha ngozi ya Bi Somoe. Ilikuwa kipimo cha mirija iliyochoka.

Siku moja mrija mmoja ukaanza kupepesa. Kwa bahati, yule daktari mgeni alikuwa ametutumia mirija mipya, nayo ilikuwa imekaa kabatini. Bi Somoe akaileta taa mjini. Nilitoa mirija ya zamani, nikaweka mipya mwenyewe kwa bisibisi, nikawasha. Chumba kizima kikawa cha samawati. Nikafurahi kama mtoto. Nje foleni ilikuwa imefika kwenye mti wa mwarobaini, na gari la Msimbati lilikuwa linapiga honi barabarani.

Bi Somoe aliishika taa kifuani, akageuka mlangoni. "Sista, nihesabu vilevile?"

"Vilevile," nikasema.

Hilo ndilo neno lenyewe. Nimelirudia kichwani kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Mimi ninayeeleza mpaka jirani, siku hiyo nilijibu neno moja, na lilikuwa la uongo. Mirija mipya inataka mgonjwa aanze upya, kutoka theluthi ya tasbihi, kana kwamba hajawahi kukaa mbele ya taa. Nilikuwa najua. Lilikuwa katika karatasi iliyokuja na mirija, na lilikuwa katika mdomo wa Bwana Chilumba kila siku ya kazi yake. Chupa mpya, mgonjwa mpya. Sikulikumbuka mpaka aliponipigia simu.

Alihesabu mizunguko yake minne Alhamisi asubuhi, bila kukosea hata punje moja. Mwanga huu hauumizi papo hapo. Unaondoka mzima, maumivu yanakuja baada ya saa nyingi, na ndiyo maana mtu hajui kuacha. Ijumaa alinipigia kwa simu ya mwanawe. "Sista, kama nimepakwa pilipili." Nikamwambia azime taa, aloweshe kitambaa kwa maji baridi, aje. Alikuja Jumamosi. Mtakaposoma vitabu mtaona ngozi iliyoungua na mwanga inaitwa nyekundu. Vitabu hivyo viliandikwa kwa kuangalia ngozi za wengine. Ngozi yetu haiwi nyekundu, wanangu. Inang'aa, inavimba, inakuwa nyeusi ya zambarau, na ukiweka mgongo wa mkono wako karibu unasikia joto. Mikono ya Bi Somoe ilikuwa hivyo kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko, na malengelenge yalikuwa yameanza kati ya vidole.

Niliifunga. Nikafanya kila kinachofanywa. Malengelenge yakapasuka, ngozi ikachubuka, na kabla haijapona yakatokea yale niliyoyaona kwa mkulima wa Nanyamba. Magamba yakarudi. Safari hii hayakuchora michirizi, yalifuata kila mahali mwanga ulipounguza, yakaungana, mikono yote miwili ikawa baka moja lenye nyufa zinazovuja. Yalikuwa mabaya kuliko siku aliyokuja mara ya kwanza. Nilimshukuru Mungu kwamba Bwana Chilumba ameshakufa na hayaoni, kisha nikaona aibu kwa kushukuru jambo kama hilo.

Wiki ya tatu simu ikaita asubuhi. "Sista," Bi Somoe akasema, "Mama ametutoka."

Nilipanda bodaboda mpaka Msimbati. Mazishi yalikuwa baada ya adhuhuri, na nilipofika walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuosha. Mimi ni Mkristo, sikuwa na pa kuingia. Nikakaa uani na wanawake wengine. Chumba cha kuoshea kilikuwa kilekile cha taa. Meza ya kushonea ilikuwa imetolewa nje, taa juu yake. Mlangoni palitundikwa shuka mbili. Nyuma yake walikuwamo Bi Zuhura na wanawake wawili. Mbele yake, juu ya mkeka, ameegemea fremu ya mlango, alikuwa Bi Somoe. Bandeji nilizomfunga mimi zilikuwa mikononi mwake, zimeloa njano.

Tukasikia maji.

"Kulia kwanza, Mama Mdogo," Bi Somoe akasema.

"Tumeanza kulia, mwanangu."

Maji tena. Bi Somoe alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inatembea, anafuatisha kila kopo linapomwagwa.

"Mkunazi umepondeka vizuri?"

"Umepondeka."

"Nywele zake msizivute."

"Hatuvuti, Somoe."

Maji yakaendelea. Halafu akakaa wima ghafla. "Mkono wa kushoto, Mama Mdogo! Msiuinue kwa kifundo, ukiinuliwa hivyo unamuuma. Shikeni kwa chini ya kiwiko."

Mle ndani maji yakakoma. Kisha sauti ya Bi Zuhura ikatoka, ndogo kabisa. "Somoe. Haumuumi tena."

Hakuna mwanamke aliyenyanyua uso pale uani. Bi Somoe alikaa hivyo mpaka tukaanza kusikia harufu ya kafuri, ndiyo kusema maji ya mwisho. Akapiga magoti mbele ya shuka. "Kopo moja tu, Mama Mdogo. La kafuri. Sitamgusa. Nimwagie tu."

Shuka ikasogea, Bi Zuhura akatoka, mikono yake inachuruzika maji. Alikuwa analia bila sauti. Alizitazama bandeji. Hakuvaa miwani safari hii, haikuhitajika.

"Inavuja, mwanangu," akasema. "Itamdondokea."

Akarudi ndani, shuka ikafunga.

Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu tu kutoka pale. Maisha yangu yote nimeinuka katika nafasi kama ile. Nimebishana na masheikh, na mapadri, na wakuu wa shule. Nilikuwa na maneno yote tayari: haiambukizi, si uchafu. Lakini Bi Zuhura hakuwa amesema kwamba inaambukiza. Alisema inavuja, na ilikuwa inavuja, na aliyeifanya ivuje ni mimi. Nilibaki nimekaa. Bi Mwanahawa akakafiniwa, akatoka, wanaume wakambeba.

Bi Somoe hakuja kliniki miezi mingi. Nilituma dawa, sijui kama alizipaka. Wiki chache kabla ya kustaafu kwangu alikuja mwenyewe, ameibeba taa, imefunikwa kanga ya bluu. Mikono yake haikuwa inavuja tena, lakini magamba yalikuwa yameikalia yote.

"Nimekurudishia, Sista. Kanga ni ya Mama. Nimeifunikia chumvi isije ikaila."

Nilifunga mlango, foleni ikasubiri. Nikamwambia nilichokuwa nimekiandaa. "Bi Somoe, uliniuliza swali, nikakujibu vibaya. Hesabu yako ilikuwa sawa. Kosa ni langu peke yangu."

"Najua," akasema. Hakusema kwa hasira. "Mwanangu alinisomea kwenye simu mambo ya hii mirija. Nikajua."

"Tunaweza kuanza tena. Kwa theluthi, taratibu, mimi mwenyewe nije kila wiki. Mikono itasafika, Bi Somoe. Mara hii nina hakika."

Aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama alivyokuwa akiitazama Bi Zuhura.

"Itasafika, nakuamini," akasema. "Halafu nimwoshe nani?"

Nimetafuta jibu la swali hilo mpaka leo ninapoandika. Ninaweza kueleza kwa nini ngozi ina pupa na kwa nini mwanga huituliza. Ninaweza hata kuwaambia, na ni kweli, kwamba wako wengine wengi wanaohitaji taa ile na itawasaidia. Msiogope kuiazima, na msiache kuwashika watu kwa mikono mitupu. Nawaamini. Mna akili kuliko tuliyokuwa nayo sisi, na mna simu zinazosoma karatasi za mirija. Lakini swali la Bi Somoe sikulijibu. Alisubiri kidogo, kwa adabu, akajifunika vidole, akaniaga. Tulipeana mkono. Sikuwa na glovu.

Siku yangu ya mwisho kazini sikuandika hotuba. Nilichukua plasta pana, nikaibandika mgongoni mwa taa, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: MIRIJA MIPYA, MGONJWA MPYA. ANZA MWANZO. Iko chini ya kanga, upande wa swichi. Joto la mirija linafifisha wino taratibu. Mkiona umeanza kupotea, andikeni tena.